Kofia Ngumu, Helmeti na Chapeo: Asili na Maana za Majina ya Kinga ya Kichwa katika Ukanda wa Migodi wa Shinyanga na Geita

Ikisiri

Makala haya yanafafanua asili na maana za maneno matatu ambayo Kiswahili hutumia kutaja vazi la kukinga kichwa: chapeo, helmeti na kofia ngumu. Uchambuzi umejikita katika ukanda wa migodi wa Shinyanga na Geita, ambako mtu mmoja anaweza kuhitaji kinga ya kichwa mara mbili kwa siku: mgodini na juu ya pikipiki. Makala yanaonesha kwamba maneno hayo yaliingia katika lugha kwa njia tatu tofauti, yaani ukopaji wa zamani kutoka Kireno, utohoaji wa karibuni kutoka Kiingereza, na tafsiri mkopo iliyojengwa juu ya neno kongwe lenye asili ya Kiarabu. Inajengwa hoja kwamba kofia ngumu na helmeti, ambayo leo hutumiwa kama visawe, yanataja vifaa viwili vinavyofanya kazi kwa namna zinazopingana, na kwamba istilahi za sheria na mafunzo ya usalama zinapaswa kuugeuza usawe huo kuwa mgawanyo wa maana.

1.0 Utangulizi

Eneo lililo kusini mwa Ziwa Viktoria lina historia ndefu ya uchimbaji. Mgodi wa Geita ulichimba dhahabu chini ya ardhi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mwaka 1940 mwanajiolojia Mkanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, mahali ambapo sasa pamo katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga. Wimbi la pili la migodi mikubwa lilianza mwishoni mwa karne ya 20: uzalishaji katika Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulianza mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Mkoa wa Geita wenyewe uliundwa mwaka 2012, na sehemu ya ardhi yake ilitoka Shinyanga. Pembeni mwa migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Nyangarata na kwingineko.

Kisukuma ndiyo lugha ya wenyeji walio wengi katika eneo hili, lakini machimbo hukusanya watu wa mikoa mingi na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha kazini. Kiswahili hicho cha machimboni kina msamiati wake. Shimo la kushukia huitwa duara, na wingi wake ni maduara. Hapa neno la kawaida la umbo limepanuliwa maana. Magogo ya kushikilia kuta za shimo ni matimba, mashine ya kusagia mawe ni karasha, na mmiminiko wa watu kwenye dhahabu iliyogunduliwa karibuni ni rashi. Haya yametoholewa kutoka Kiingereza. Mahali pa kuoshea na kuchenjulia ni mwalo, neno ambalo kwenye maziwa hutaja ufuko wa kutia nanga na kupakulia samaki. Ukiutazama msamiati huu kwa ujumla, unaona kwamba mchimbaji hupata jina la kitu kipya kwa njia kuu mbili: huchukua neno alilonalo akalipa kazi mpya, au huchukua jina lililokuja na kitu chenyewe.

Njia zote mbili zimetumika katika kutaja vazi la kichwani. Hata hivyo, tofauti na duara au karasha, ambayo kila moja lina kitu chake, vazi hili limepata majina zaidi ya moja, na majina hayo yamevuka mipaka ya mgodi. Sehemu zinazofuata zinachunguza kila jina kivyake kabla ya kuyapima kwa pamoja.

2.0 Kofia: Neno Kongwe Lililo Msingi

Neno kofia limetokana na Kiarabu ‘kūfiyya’, jina la kitambaa cha kufunika kichwa. Maelezo yaliyozoeleka katika mapokeo ya Kiarabu hulihusisha jina hilo na mji wa Kufa nchini Iraki. Wapo pia wanaisimu wanaolilinganisha na neno la Kilatini cha baadaye, ‘cofia’, ambalo ndilo lililozaa ‘cuffia’ katika Kiitaliano na ‘coiffe’ katika Kifaransa. Kwa vyovyote vile, Kiswahili kilipolipokea neno hili kilibadili kitu kinachotajwa. Kofia ya Mswahili haikuwa kitambaa cha kuviringisha, bali vazi lililoshonwa, lenye ukingo wima na kipaa cha juu, na mara nyingi lililotobolewa matundu madogo kwa uzi na sindano. Kitambaa cha kuzungushia kichwani kilibaki na jina lake, kilemba.

Kutoka pwani neno lilisafiri bara pamoja na biashara ya misafara na utumishi wa serikali. Athari zake zinaonekana katika lugha za Maziwa Makuu: Kiganda kina ‘enkofiira’ na Kinyarwanda kina ‘ingofero’, yote kwa maana ya kofia. Kwa hiyo lilipofika Unyamwezini na Usukumani, kofia lilikuwa tayari limekuwa jina la jumla la vazi la kichwani, si la Waislamu wa pwani peke yao.

Katika safari hiyo neno halikubeba jina la kitu tu, bali pia maana ya hadhi. Kofia ilimtambulisha mtu mzima mwenye heshima zake, na katika utumishi wa kikoloni ilimtambulisha askari: tarbushi ndefu ya askari wa King's African Rifles ilikuwa alama ya cheo chake kama zilivyokuwa bunduki na mkanda. Matumizi ya kitamathali ya leo yamejengwa juu ya msingi huo. Kumvulia mtu kofia ni kukiri ubora wake. Kuvaa kofia mbili ni kushika nyadhifa mbili kwa wakati mmoja, na msemo huu umetumika sana katika mijadala ya siasa za Tanzania kuhusu urais na uenyekiti wa chama. Hata pale misemo hiyo ilipopata mfano wake katika lugha za Ulaya, ilikubalika kwa urahisi kwa sababu kofia ilikuwa tayari ina maana ya cheo katika jamii iliyoipokea.

Jambo la kuzingatia kwa ajili ya mjadala huu ni kwamba katika maana hizi zote hakuna kinga. Kofia hupamba, hutambulisha na huheshimisha, na pengine hukinga jua. Wazo la kwamba inaweza kuzuia jiwe halimo katika neno lenyewe, na lilihitaji kuongezwa kutoka nje.

3.0 Chapeo: Neno Lenye Kinga Lililobaki Kanisani

Kiswahili kilikuwa na neno lililobeba wazo hilo muda mrefu kabla ya kuja kwa migodi ya kisasa. Chapeo, ambalo pia hutamkwa chepeo, limetokana na Kireno ‘chapéu’, na asili yake ya mbali ni Kilatini ‘cappellus’, udogo wa ‘cappa’. Liko katika tabaka moja na meza, bendera, mvinyo, leso na gereza, maneno yaliyoachwa na Wareno waliotawala sehemu za pwani tangu mwanzoni mwa karne ya 16 hadi walipoondolewa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Neno hilohilo la Kireno liliingia pia kusini zaidi: Kichewa kina ‘chipewa’ kwa maana ya kofia.

Katika Kireno ‘chapéu’ ni kofia ya kawaida. Vazi la vita huitwa ‘capacete’ au, kwa lugha ya zamani, ‘elmo’. Kiswahili hakikukopa hayo mawili. Kilichukua jina la kofia ya kawaida ya Mreno na kuliwekea maana mbili: kofia ya Kizungu kwa jumla, na kofia ngumu ya shujaa wa vita. Huu ni upanuzi wa maana unaoeleweka. Kwa mtu wa pwani, tofauti iliyokuwa na uzito ilikuwa kati ya kofia ya kwao na kofia ya mgeni, na mgeni huyo mara nyingi alikuwa mtu wa silaha.

Maana ya pili ndiyo iliyodumu katika maandishi. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa kamili mwaka 1952, hutumia chapeo katika habari za Goliathi katika 1 Samweli 17 na katika orodha ya silaha za kiroho katika Waefeso 6. Orodha hiyo ya Waefeso ina faida kwa mwanaleksikografia kwa sababu ndani ya aya chache imekusanya matabaka matatu ya msamiati wa Kiswahili: ngao na upanga yana asili ya Kibantu, dirii limetoka Kiarabu, na chapeo limetoka Kireno. Kila taifa lililofika pwani na silaha zake liliacha jina moja katika vazi la askari.

Swali linalozuka ni hili: kama neno lenye maana ya kinga ya kichwa lilikuwepo, na lilisikika kila Jumapili katika makanisa ya Usukumani, kwa nini halikushuka mgodini? Sababu mbili zinaweza kutolewa. Ya kwanza ni ya kimtindo. Chapeo limefungamana na lugha ya Maandiko, na mtu anayelisikia hufikiria shaba, vita na wokovu kabla ya kufikiria kazi ya mikono. Ya pili ni ya kileksika na ina nguvu zaidi. Katika Kiswahili cha Tanzania Bara, chepeo na ufupi wake chepe hutaja zana ya kuchotea udongo, ambayo kwingineko huitwa beleshi, koleo au sepetu. Mgodini zana hiyo hutajwa mara nyingi kila siku. Amri ya kwenda na chepeo ingemfanya mchimbaji ashike mpini, si kufunika kichwa. Homonimia ya aina hii huvumilika pale maana mbili zinapokutana mara chache; zinapokutana katika kazi ileile, moja hushinda. Machimboni lilishinda jina la zana ya udongo.

4.0 Helmeti na Elementi: Jina Lililokuja na Kifaa

Neno helmeti limetoholewa kutoka Kiingereza ‘helmet’. Kiingereza nacho kililipata kutoka Kifaransa cha zamani, likiwa ni udogo wa ‘helme’, neno lenye asili ya Kijerumani cha kale na linalohusishwa na mzizi wenye maana ya kufunika au kuficha. ‘Elmo’ ya Kireno iliyotajwa hapo juu ni ya ukoo huohuo. Kwa maneno mengine, jina ambalo Kiswahili hakikulichukua kutoka kwa Wareno lilirejea karne kadhaa baadaye kwa mkono wa Waingereza.

Umbo helmeti limepata irabu /i/ mwishoni ili kukidhi muundo wa silabi wazi, lakini limebaki na mfuatano wa konsonanti /lm/ ambao si wa kawaida katika Kiswahili, ingawa unavumilika katika maneno ya mkopo kama almasi na elimu katika umbo la ilmu. Wazungumzaji wengi hawaishii hapo. Katika vijiwe vya bodaboda na machimboni husikika pia helementi na elementi. Maumbo haya yana mabadiliko matatu. Kwanza, irabu /e/ imechopekwa kati ya /l/ na /m/ ili kuvunja mfuatano huo. Pili, katika elementi, /h/ ya mwanzo imedondoshwa, jambo linalotokea katika matamshi ya wazungumzaji wengi wa bara. Tatu, nazali /n/ imeingia kabla ya /t/, ingawa haimo katika neno la Kiingereza.

Badiliko la tatu haliwezi kuelezwa kwa kanuni ya silabi, kwa sababu linaongeza konsonanti badala ya kuipunguza. Maelezo yanayofaa zaidi ni mlinganisho. Kiswahili kimepokea maneno mengi ya Kiingereza yanayoishia na -menti, kama simenti, apatimenti na dokumenti, na mwisho huo umekuwa kiolezo kilichozoeleka masikioni. Neno geni lenye mwisho unaokaribiana na kiolezo hicho huvutwa kwenda huko. Matokeo yake ni kwamba elementi ya mwendesha pikipiki imekuwa na umbo moja na elementi ya fundi umeme, yaani waya wa kupashia moto katika birika au jiko. Tofauti na chepeo, homonimia hii haijaleta mgongano, kwa kuwa vitu hivyo viwili havikutani kazini.

Kisarufi, helmeti limewekwa katika ngeli ya I-/ZI-, kama kofia na chapeo. Ngeli hiyo haioneshi idadi katika nomino yenyewe. Katika mazungumzo upungufu huo hufidiwa na muktadha, lakini katika maandishi ya sheria una athari. Sentensi isemayo kwamba mwajiri atatoa helmeti kwa wafanyakazi haisemi kama kila mtu atapata yake au kama zitakuwepo chache za kupokezana. Mwandishi wa kanuni analazimika kuongeza kirai cha mgawo, kwa mfano “helmeti moja kwa kila mfanyakazi”, ili maana isiachwe kwa msomaji.

5.0 Kofia Ngumu: Tafsiri Mkopo na Uzito wa Kivumishi

Kofia ngumu ni tafsiri mkopo ya ‘hard hat’. Kifaa chenyewe kina historia inayojulikana. Wachimbaji wa Cornwall, Uingereza, walivaa kofia za sufu iliyokazwa kwa utomvu na kubandika mshumaa mbele kwa udongo wa mfinyanzi. Mwaka 1919 kampuni ya E. D. Bullard ya San Francisco ilianza kuuza kofia ya turubai iliyokazwa kwa mvuke na gundi, baada ya Edward Bullard kurudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza alikovaa kofia ya chuma ya askari. Katika miaka ya 1930 uvaaji wake ulifanywa wa lazima katika ujenzi wa daraja la Golden Gate. Baadaye chuma, alumini na hatimaye plastiki vilichukua nafasi ya turubai. Jina la Kiingereza lilizaliwa wakati ambapo jambo jipya lilikuwa ugumu, kwa kuwa kofia nyingine zote za kazi zilikuwa laini.

Tafsiri ya Kiswahili ililihifadhi wazo hilo kwa uaminifu. Faida yake ni dhahiri: haihitaji kufundishwa. Mtu ambaye hajawahi kuisikia anaielewa, kwa sababu sehemu zake zote mbili ni zake. Ndiyo maana vyombo vya habari na jeshi la polisi huitumia kuwaelekeza madereva wa bodaboda na abiria wao, na wakaguzi wa usalama mahali pa kazi huitumia pia kwa vifaa vya viwandani na migodini.

Hata hivyo, kivumishi -gumu kina mzigo wake. Kikiambatana na kichwa, hutaja uzito wa kuelewa au ukaidi: mwenye kichwa kigumu ni mtu asiyefundishika. Kikiambatana na mkono, hutaja ubahili, na kikiambatana na moyo, hutaja ukatili au uvumilivu. Katika matumizi haya yote ugumu ni hali ya kutoruhusu kitu kupenya. Kofia ngumu huvuna maana hiyohiyo: msikilizaji anaahidiwa kwamba kitu hakitapita. Ahadi hiyo ndiyo inayofaa kuchunguzwa, kwa sababu kitaalamu si ugumu unaookoa kichwa.

Aidha, mgodini kofia hii imerudishiwa maana ya hadhi iliyokuwemo katika kofia ya zamani. Katika maeneo mengi ya kazi rangi hutumika kutofautisha wasimamizi, mafundi, vibarua na wageni, ingawa mpangilio wa rangi hutegemea kila kampuni. Kiongozi anayetembelea mgodi hupigwa picha akiwa nayo, na picha hiyo husomwa kama ishara ya maendeleo. Alama ya cheo iliyokuwa katika tarbushi imehamia kwenye plastiki. Athari ya upande wa pili ni kwamba mchimbaji mdogo anaweza kuiona kofia ngumu kama sare ya watu wa kampuni. Yeye, katika duara lake, mara nyingi hufunga tochi kichwani kwa utepe wa mpira wa baiskeli, na kazi ya kichwa chake kwa lugha ya machimboni inakuwa kubeba mwanga kabla ya kukingwa.

6.0 Majina Mawili, Vifaa Viwili

Katika matumizi ya sasa kofia ngumu na helmeti ni visawe. Yote mawili hutaja kifaa cha mgodini, na yote mawili hutaja kifaa cha pikipiki. Usawe huo ungekuwa jambo la mtindo tu kama kifaa kingekuwa kimoja. Viwango vya kimataifa vinaonesha kwamba sivyo.

Kifaa cha mgodini na viwandani kimeundwa kwa ajili ya kitu kinachoanguka kutoka juu. Kina gamba la nje na, ndani yake, wavu wa mikanda unaokalia kichwa na kuacha nafasi ya sentimita chache kati ya utosi na gamba. Kitu kinapopiga, mikanda hunyooka na kusambaza nguvu. Bila nafasi ile, gamba peke yake lingeipeleka nguvu moja kwa moja kwenye fuvu. Kiwango cha Ulaya EN 397 hukipima kwa kudondosha uzito wa kilo 5 kutoka kimo cha mita 1 na kudai kwamba nguvu inayofika kwenye kichwa cha mfano isizidi kilonyutoni 5.

Kifaa cha pikipiki kimeundwa kwa ajili ya kichwa kinachokwenda kwa kasi na kugonga kitu kilichosimama. Ndani ya gamba lake kuna povu nene linalopondeka na hivyo kupunguza mwendo wa kichwa polepole zaidi. Kanuni Na. 22 ya Umoja wa Mataifa hupima jinsi mwendo wa kichwa cha mfano unavyopungua wakati wa mgongano. Povu likishapondeka halirudi katika hali yake, hata kama gamba la nje bado linaonekana zima.

Tofauti iliyo wazi kuliko zote iko katika mkanda wa kidevu. EN 397 hutaka ushikizo wa mkanda huo uachie unapovutwa kwa nguvu kati ya nyutoni 150 na 250, ili mfanyakazi aliyenaswa asinyongwe na kofia yake. Kanuni ya pikipiki hutaka kinyume: mkanda usiachie, kwa sababu kifaa kinachotoka kichwani kabla ya kichwa kufika chini hakina faida. Sifa inayookoa maisha mahali pamoja ndiyo inayoyahatarisha mahali pengine.

Katika barabara za Katoro, Kakola au Kahama pikipiki ndiyo usafiri wa kila siku kati ya nyumba, soko na machimbo. Mchimbaji aliyeambiwa na mkaguzi avae kofia ngumu, kisha akaambiwa na askari wa barabarani avae kofia ngumu, ana haki ya kuelewa kwamba kofia moja inatosha kutii amri zote mbili. Hajakosea lugha. Ametumia kanuni ya kawaida kwamba jina moja hutaja kitu kimoja, na lugha iliyotumika haikumpa njia ya kujua vinginevyo. Kiingereza, chenye ‘hard hat’ upande mmoja na ‘crash helmet’ upande wa pili, humpa msemaji wake walau dokezo.

Kuna pia tatizo la mpaka wa ahadi. Istilahi kama kofia kinga au kofia ya usalama hukwepa neno ngumu, lakini hupanua ahadi badala ya kuibana. Mnamo Oktoba 2015 mgodi wa Nyangarata, Kahama, uliporomoka na kuwafukia wachimbaji. Watano waliokolewa Novemba mwaka huohuo baada ya siku 41 chini ya ardhi. Hatari ya duara linaloporomoka hukingwa na matimba, upimaji wa miamba na njia ya kutokea. Hakuna vazi la kichwani linaloizuia. Jina linalodai usalama kwa jumla humfanya mvaaji, na pengine mwenye duara pia, aone kwamba wajibu umetimizwa kwa kununua vazi.

7.0 Kutoka Usawe hadi Mgawanyo

Historia ya Kiswahili inaonesha kwamba visawe vinavyotokana na matabaka tofauti ya ukopaji vinaweza kugawana kazi. Gereza limetokana na Kireno ‘igreja’, yaani kanisa. Lakini kwa kuwa kanisa, neno lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa limeshika maana hiyo, gereza lilikwenda upande mwingine na leo hutaja jela. Chuo lilitaja mahali popote pa kusomea. Shule lilipoingia kutoka Kijerumani, lilichukua ngazi za chini na chuo likapanda kwenye ngazi za juu. Katika kila mfano lugha haikutupa neno. Ilifanya wingi wa maneno kuwa wingi wa maana.

Njia hiyo inafaa kwa maneno yanayojadiliwa hapa. Kofia ngumu linafaa kuachiwa kifaa cha migodini, viwandani na kwenye ujenzi. Ndicho kitu ambacho tafsiri mkopo hiyo ilikitaja tangu mwanzo, na kwa umbo lake hukaa kichwani kama kofia inavyokaa. Helmeti linafaa kuachiwa kifaa chenye povu na mkanda usioachia, kinachofunika kichwa na aghalabu masikio, yaani cha pikipiki. Chapeo lina makao yake katika Maandiko na katika masimulizi ya vita vya kale, na halihitaji kuhamishwa. Katika maandishi ya sheria inashauriwa kuongeza kibainishi: kofia ngumu ya mgodini, helmeti ya pikipiki.

Pingamizi mbili zinatarajiwa. Ya kwanza ni kwamba kofia ngumu limeshazoeleka barabarani na haliwezi kuondolewa kwa agizo. Hili ni kweli kwa mazungumzo, lakini istilahi za kisheria hazingoji mazungumzo yabadilike. Hutosha ziwe thabiti mahali zinapotumika kuamua wajibu. Ya pili ni kwamba kupendekeza helmeti ni kupendelea neno la kigeni dhidi ya lenye sura ya Kiswahili. Uchambuzi wa hapo juu unaonesha kwamba pingamizi hili halina msingi mkubwa: kofia, chapeo na helmeti yote ni ya kukopwa, na yanatofautiana katika umri wa kukopwa tu.

Pamoja na majina ya vifaa, mafunzo yanahitaji majina ya sehemu zake, kwa sababu sehemu ndizo zinazoharibika. Maneno ya kawaida yanatosha: gamba kwa sehemu ya nje, wavu wa mikanda kwa sehemu ya ndani ya kofia ngumu, povu kwa sehemu ya ndani ya helmeti, na mkanda wa kidevu kwa zote mbili. Mchimbaji anayeweza kusema kwamba wavu wa kofia yake umekatika anaweza kudai mwingine. Yule anayejua neno ngumu peke yake ataigonga kwa kidole, aisikie bado ngumu, na kuivaa.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba majina matatu ya kinga ya kichwa yana historia tatu. Kofia ni neno la hadhi ambalo kinga iliongezwa juu yake kwa kivumishi. Chapeo lilikuwa na kinga tangu zamani, lakini likabaki kanisani kwa sababu ya uzito wake wa kimtindo na kwa sababu machimboni chepeo ni zana ya udongo. Helmeti na kibadala chake elementi yaliingia pamoja na kifaa, na maumbo yake yanaonesha nguvu ya mlinganisho katika utohoaji.

Umuhimu wa suala hili umeongezeka tangu mwaka 2021, marekebisho ya sheria yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na Sheria ya Madini ya 2010 zilitungwa kwa Kiingereza, kila moja na istilahi zake. Zikifasiriwa kila moja peke yake, kuna uwezekano mkubwa kwamba vifaa viwili vitapewa jina moja katika sheria moja na majina mawili katika nyingine. Kazi ya kuoanisha istilahi hizo ni ya wanaisimu na Baraza la Kiswahili la Taifa kwa kushirikiana na wakaguzi wa migodi na wa barabara, na inafaa ifanywe kabla tafsiri hazijachapishwa, kwa kuwa jina lililokwisha kuandikwa katika sheria ni gumu kulibadili kuliko lile linalosikika kijiweni.